Kizingiti cha Baba

Baba yangu alinunua kiwanja chetu wakati wa jua kali, na huo ndio mwanzo wa matatizo yetu yote. Mwenye akili zake hukagua kiwanja masika, akaenda na mwamvuli mkononi, akajionea mwenyewe maji yanapita wapi. Baba alikwenda mwezi ambao hata vyura walikuwa wamehama, akaona ardhi tambarare, imekauka vizuri, si mbali na uwanja wa mpira wa Amani, akajiona mjanja kuliko watu wote wa Unguja. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba pale palikuwa panalimwa mpunga. Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuuliza, na hakuuliza kwa sababu hakuwa mtu wa kuuliza.

Mama alitokea Mji Mkongwe, nyumba ya ghorofa, ambako mvua ikinyesha unatega ndoo chini ya dari na unarudi kulala. Alipoolewa akaletwa bondeni na vyombo vyake vya kioo, na masika ya kwanza tu akaviona vinaelea. Tangu hapo tulizoea. Kila mwaka, mawingu yakianza kujikusanya, tunapandisha friji juu ya matofali, tunanyanyua magodoro, tunahamishia unga na mchele juu ya kabati, halafu tunakaa vitandani kungoja maji yaingie yakitaka na yatoke yakitaka. Yalikuwa yanaingia kwa mlango wa mbele, bila ya hodi, kama jamaa wa karibu.

Mwaka mmoja baba akachoka. Alikuwa ameshastaafu, hana kazi, na mwanamme asiye na kazi nyumbani ni hatari kuliko mvua. Akanunua saruji, akakataa fundi, akajenga kwa mikono yake kizingiti mlangoni. Mimi nilipoambiwa kizingiti nilifikiri kitu cha kuruka kwa hatua moja. Nilipokwenda kuwatazama nikakuta ukuta unaofika magotini mwangu, mpana, umesuguliwa vizuri, na baba amekaa pembeni yake amejaa saruji mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza watu wazima watapitaje. Akasema watapita kwa kunyanyua miguu, Mungu amewapa ya nini.

Wageni wote walikula mwereka pale. Aliyeleta maziwa aliyamwaga, aliyekuja kudai sadaka alipiga goti bila kutaka, na shangazi yangu mmoja aliapa hatokuja tena, ahadi ambayo kwa bahati mbaya hakuitimiza. Mtaani wakaiita nyumba yetu Ngome. Lakini masika yale tone la maji halikuingia. Baba alitoa kiti akaketi mlangoni, nyuma ya ukuta wake, miguu mikavu, akawa anawasalimia majirani waliokuwa wanapita na matope mapajani. Kwa kawaida baba hakuwa mwepesi wa salamu. Siku ile alimsalimia kila mtu, na wengine aliwasalimia mara mbili.

Kabla masika mengine hayajafika, akafariki. Alifariki kitandani kwake, bila ya kumsumbua mtu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake hata kidogo. Hata jeneza lake lilipata tabu kukivuka kile kizingiti. Nilikuwa nimesimama ndani na wanawake wenzangu, nikawasikia wanaume wanaelekezana mlangoni, nyanyua, nyanyua zaidi, na katikati ya kilio changu nikapata hamu ya kucheka. Nilijificha ndani ya kanga. Walioniona walifikiri nimezidiwa na huzuni, na kweli nilikuwa nimezidiwa.

Mama akaingia edani. Nami nikahamia pale kumtunza, kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kike na mume niliyekuwa naye nilishamrudisha kwao zamani. Eda yenyewe si ngumu kuieleza: mjane anakaa katika nyumba yake mpaka muda wake utimie, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Ngumu ni yale ambayo watu wa mji wetu wameongeza. Kwetu sisi, mwanamme yeyote asiye wa nyumbani asimwone hata kivuli. Mama alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, magoti mabovu, na wanaume wote wa mtaa ule alishawahi kuwafukuza dirishani kwake walipokuwa wadogo wanaiba maembe. Lakini alilishika jambo lile kwa mikono miwili. Hodi ya kiume ikisikika tu, pazia linashuka.

Halafu redio zikaanza kutangaza mvua kubwa.

Nilijitayarisha vizuri, sitaki mtu aseme sikujitayarisha. Nilitia hati ya nyumba, vitambulisho na dawa za mama za presha katika mfuko wa nailoni, nikaufunga, nikautundika kwenye msumari juu. Nilijaza madumu maji ya kunywa, kwa sababu nakumbuka kisima chetu kinavyokuwa baada ya mafuriko, na harufu yake pia nakumbuka. Nilinunua mishumaa, biskuti na tende. Nikafunga mkoba mmoja wa nguo za mama na kuuweka karibu na mlango, kwa sababu kaka yangu aliyeko Maskati ana nyumba yake Chukwani, juu kabisa, kavu, imefungwa inakula vumbi. Asubuhi yake nikakuta mkoba mtupu, nguo zote zimerudi kabatini zimekunjwa.

"Mama, nani kafungua mkoba?"

"Mimi. Wa nani mkoba ule?"

"Wako. Pengine tutakwenda Chukwani."

"Mimi nna eda. Sendi Chukwani."

"Dharura inaruhusiwa, mama. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Nlikufundisha na maana yake. Mvua haijanyesha, dharura gani hiyo? Ikija itanikuta hapa."

Likabaki friji. Friji lile sikuliweza peke yangu, nikamwita jirani yetu seremala, mtu mwema mwenye mikono mikubwa, akaja na mwenzake. Nikamhamishia mama chumbani, wakapita ukumbini. Mama akakumbuka dawa yake iko jikoni, nikawatoa wanaume uani, nikampitisha mama jikoni. Wanaume wakaingia jikoni, nikamtorosha mama kupitia ukumbini. Tulizunguka ndani ya nyumba ile mpaka nikapata kizunguzungu. Seremala kwa heshima yake alikuwa amekaza macho darini tangu alipovuka kizingiti, na mwenzake amekaza macho sakafuni, kwa hiyo friji lilibebwa na watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa analitazama. Wakalipandisha juu ya matofali, wakasema Bi Mkubwa tunaondoka, wakaondoka.

Nilipokwenda kutoa samaki nikakuta mlango wa friji umeangalia ukutani. Haufunguki hata kidole kupita. Samaki wetu, maziwa yetu, nyama ambayo kaka aliagiza tununuliwe, vyote viko ndani na sisi tuko nje. Nikataka kuwaita tena. Mama akasema hawezi kuzungushwa mara ya pili siku moja, magoti yake hayana nguvu hiyo. Usiku ule tulikula tende na biskuti za dharura kabla ya dharura.

Mvua ikaanza baada ya Isha na haikusita. Nilizima umeme wote kwenye mainswichi kabla ya kulala, na nikiangalia nyuma, hilo ndilo jambo moja la maana nililolifanya. Nililala kwa raha, nikamwombea baba, nikajua kwamba nje maji yanaparamia ukuta wake na ndani sisi tuko salama.

Niliamka alfajiri nikasikia choo kinazungumza. Kilikuwa kinabubujika, kinanyamaza, kinabubujika tena. Nikateremsha miguu kitandani ikaingia majini. Maji yalikuwa hayakujisumbua na mlango wa mbele. Yalikuja chini kwa chini, yakatokea chooni na kwenye tundu la bafuni, na yalipofika mlangoni ili yatoke yakazitafute nyumba za wengine, yakakikuta kizingiti. Baba alikuwa amejenga bwawa zuri kabisa, na bwawa lenyewe lilikuwa ni nyumba yetu.

Nilianza kuteka kwa ndoo na kumwaga nje juu ya ukuta. Nikiteka ndoo moja, choo kinaleta mbili. Jua lilipotoka, vijana wa mtaani walikuwa wameshazibua mtaro wa kona na maji ya njiani yakaanza kushuka. Huko nje watu wanapita, maji yanafika vifundoni tu. Humu ndani yamekaribia magoti yangu, yana rangi ya chai ya maziwa na harufu ambayo sina haja ya kuieleza. Watu wakipita wanachungulia mlangoni wananiona nimo mle na ndoo, wananipa pole. Mwengine aliniuliza kama kuna samaki. Nikamwambia wapo, wamo ndani ya friji.

Mama alikuwa juu ya kitanda chake, kile cha zamani chenye miguu mirefu, amejifunika kanga, anavuta uradi. Maji yalikuwa yanakaribia ubao wa kitanda. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Si maji ya kumzamisha mtu, lakini ni maji ya choo, na yeye ana umri ule, na magoti yale, akiteleza mle hainuki. Na kuta zetu za zamani hazikujengwa kwa simenti kama ile ya mlangoni. Nilikwishaona ufa mmoja juu ya dirisha ambao jana haukuwepo.

Kaka akapiga simu ya video kutoka Maskati, yuko kwenye kiyoyozi, amevaa kanzu nyeupe. Akasema nimtoe mama mara moja. Nikamgeuzia mama simu.

"Mama, toka, nakuomba," akasema kaka.

"Umekula?" mama akamuuliza.

"Mama, toka humo ndani."

"Kula kwanza, usiende kazini na njaa," akasema, akanirudishia simu.

Seremala naye akafika na nyundo na tindo, akasimama nje ya mlango akiwa amewapa mgongo watu wa ndani. Akasema kwa sauti ili pazia lisikie.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Hichi kizingiti kikivunjwa maji yote yanatoka saa hii. Nje kumeshuka. Tukivunje?"

"Marahaba, baba. Kisivunjwe."

"Bi Mkubwa, maji yanakufika kitandani."

"Nnayaona. Hiyo kazi ya marehemu. Mimi ningali edani, sitovunja kazi ya mume wangu."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mama kwa lugha ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, kwamba baba amekufa na kizingiti hakimjui, kwamba kazi yenyewe ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, kwamba kuna mambo mawili tu: tunavunja au unatoka. Akasema hatoki na hatuvunji. Nikamwambia basi na mimi sitoki. Akaniambia vizuri, tukae. Tukakaa. Yeye kitandani, mimi majini, ndoo mkononi, kila mmoja amevimba, na seremala nje anasubiri huku akijifanya anaangalia hali ya mawingu. Watu wanaotujua husema ukaidi niliupata kwa baba. Hawamjui mama.

Nikageuka ili niende jikoni, nikakanyaga kitu. Lilikuwa ni pande la sahani ya kioo, moja ya zile za arusi yake, iliyosombwa kutoka rafu ya chini. Nilikuwa miguu mitupu, kwa sababu katika matayarisho yangu yote yale mazuri sikukumbuka mabuti. Sikusikia maumivu mara moja. Nilinyanyua mguu kuutazama, damu ikachirizika majini, nyingi kuliko nilivyotarajia, na mama akaiona.

Aliutazama mguu, akanitazama mimi, akautazama mlango kupitia kwenye upenyo wa pazia. Alitazama mlango kwa muda mrefu, nami nikafikiri anataka kuniambia nifunge kitambaa. Halafu akavuta kanga mpaka usoni.

"Vunjeni," akasema.

Seremala alipiga nyundo. Hakikutikisika. Akapiga tena, likatoka pande la ukubwa wa kashata. Baba hakuwa fundi, kwa hiyo hakujua saruji kiasi gani inatosha, akatia yote. Wakaja watu wengine wawili wakapokezana. Kila pigo mama alikuwa anashituka chini ya kanga yake, nami nimekaa pembeni yake kitandani, mguu umefungwa kitambaa. Mwisho seremala akasimama kuvuta pumzi, akasema peke yake, "Marehemu hakubania simenti." Nikasikia kitu kinatikisika ubavuni mwangu. Mama alikuwa anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike baba, na kicheko kile kiliendelea mpaka sikujua tena kama ni kicheko, nikamshika bega.

Ukuta ulipoachia, maji yalitoka kwa kishindo, yakachukua kandambili zetu, ufagio, na mkoba wa nguo ulioachwa mtupu.

Yaliyofuata ni kazi, na kazi haina hadithi. Nilikwenda hospitali nikashonwa na kuchomwa sindano ya pepopunda, na daktari akanigombeza kwa kutembea pekupeku katika maji ya choo, na alikuwa na haki. Nikanunua mabuti, nimechelewa. Tulizoa matope kwa koleo yakiwa bado mabichi, maana yakikauka yanakuwa tofali. Tukasugua sakafu na kuta kwa klorini mpaka macho yakawasha. Unga wa rafu ya chini ulitupwa, ingawa mama alisema ndani uko mzima. Magodoro mawili yalitupwa. Kisima hatukukigusa mpaka kilipotiwa dawa, na maji ya madumu yalipokwisha tulichemsha ya kununua. Fundi aliyeuona ule ufa juu ya dirisha alisema nyumba haianguki, lipu tu imechoka. Umeme sikuuwasha mpaka alipokuja fundi umeme akakagua kila tundu la ukutani, na siku hiyo mama akazungushwa tena nyumba nzima. Friji nalo likageuzwa. Mlango ulipofunguka, fundi umeme alitoka nje bila ya kuaga.

Kaka alitaka mama apelekwe Chukwani moja kwa moja. Mama alimwambia atamaliza eda yake katika nyumba ya mumewe, na baada ya hapo ataangalia. Pale mlangoni tulipaka lipu ikawa sawasawa na baraza, na nje tukachimba mtaro wa maana ulioelekezwa kwenye ule wa kona. Chooni fundi bomba akatia kifuniko kinachozuia maji kurudi, kitu ambacho baba angekipata kwa nusu ya saruji yake laiti angemuuliza mtu.

Eda ikaisha. Mama akakoga, akavaa nguo mpya, akajifukiza udi, akasema anataka kwenda kwa dada yake Mji Mkongwe, akae ghorofani awatazame watu. Nikaita teksi. Tukatoka chumbani, yeye mbele mimi nyuma na mkoba wake.

Alipofika mlangoni akasimama. Akanyanyua mguu wa kulia, juu sana, mguu ule mbovu, akaupeleka mbele juu ya mahali ambapo hapakuwa na kitu. Na mkono wake wa kushoto akaunyoosha pembeni, kiganja wazi, akangoja.

"Mama, hakipo," nikamwambia. "Tulikivunja."

"Nnajua. Nna macho."

Akateremsha mguu polepole. Mkono hakuuteremsha.

"Baba yako hajapata kunishika mkono mbele ya watu," akasema, bila ya kugeuka. "Maarusini tumekwenda, hospitali tumekwenda, yeye mbele, mimi nyuma. Alipokijenga kile ikabidi. Magoti yangu hayafiki. Kila nkitaka kutoka nnamwita, anakuja, ananishika, ananivusha, na baraza zima linatazama. Nlimwambia akipunguze. Akanambia saruji ikishakauka haipunguzwi."

Dereva wa teksi alipiga honi. Mama hakumjali.

"Nlikuwa nkitoka hata sina pa kwenda."

Nikakumbuka mwaka ule alivyokuwa anakwenda dukani kununua kitunguu kimoja, akirudi anakwenda kununua kibiriti, nami nikimwambia kwenye simu kwamba amezeeka, anasahau. Niliona aibu. Niliona na wivu pia, kwa sababu mimi nilikuwa na mume na hakuna aliyenijengea kitu. Na nikaelewa alikuwa anatazama nini pale mlangoni siku ya maji, kabla ya kusema vunjeni kwa ajili ya mguu wangu.

Nikaweka mkoba chini, nikampa mkono wangu. Akautazama, akaniambia nikate kucha. Akaushika, tukatoka.